Picha za wafanyakazi kwa mkupuo: mashine ishughulike na bakigraundi, sura muachieni mwenyewe

Kama ofisini umekabidhiwa kazi ya kukusanya picha za wafanyakazi wote na kuzipandisha kwa mkupuo kwenye mojawapo ya hizi huduma za akili mnemba, ili zitoke picha za tovuti na vitambulisho, na bosi amekuambia "si unaaplodi tu, dakika mbili imeisha", naomba usome hii kwanza kabla hujabonyeza chochote. Mi nafanya kazi upande wa utawala kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, makao makuu yapo Dar ila watu wetu wametapakaa, wapo Tunduma, wapo Namanga, wapo Rusumo, wapo Mwanza na Kigoma, na hawa wa mipakani ukimwambia aje Dar kupiga picha anakuuliza malori yaliyopanga foleni hapa nani atayahangaikia nyaraka. Kwahiyo wazo la AI, yani hiyo akili mnemba, kwetu halikuja kwa sababu ya fasheni, lilikuja kwa sababu kuwaleta wote mbele ya mpiga picha mmoja haiwezekani, na tovuti yetu ilikuwa inatia huruma, huyu kapiga selfi ndani ya gari, huyu picha ya harusi imekatwa mkono wa bwana harusi bado uko begani, huyu pasipoti saizi ya enzi za chuo.

Kuna aina mbili za hizi huduma na watu wanazichanganya sana. Ya kwanza inachukua picha yako ileile moja, inakata bakigraundi, inaweka rangi moja nyuma, inarekebisha mwanga kidogo, inakata saizi, basi. Sura inabaki ileile uliyopiga. Ya pili inaomba picha kadhaa za mtu mmoja, inajifunza uso wake, alafu inakutolea picha mpya kabisa amevaa suti ambayo hana, kwenye ofisi ambayo haipo. Hii ya pili ilishika kasi kuanzia 2022, mwezi Agosti ule ule ambao Stable Diffusion, programu ya kuchora picha kwa kuiandikia maneno, iliachiwa kwa umma, watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Boston walitoa kitu kinaitwa DreamBooth, wakaonyesha kwamba picha 3 hadi 5 tu zinatosha kuifundisha modeli, yani ule ubongo wa programu, kitu fulani mahususi, awe mbwa wako, begi lako au uso wako. Baada ya hapo biashara zikaota kila kona na sasa zimefika kwenye makampuni, unapewa akaunti ya msimamizi, unapandisha faili la zipu au unamtumia kila mfanyakazi linki yake, unalipia kwa kichwa.

Naomba hapa tuelewane vizuri. Inayotoka kwenye ile aina ya pili siyo picha yako iliyosafishwa. Ni mchoro mpya, mashine imekisia wewe ungeonekanaje, na pale ambapo haina uhakika inajaza kwa mazoea yake, na mazoea yake imeyapata kwenye mamilioni ya picha za intaneti ambazo sisi humo ni wachache.

Mlango wa kwanza niliouona huo ukisio ni kwenye meno. Dada yetu wa mapokezi ana mwanya, mwanya mzuri kabisa wa katikati, akicheka ndo unaouona kwanza, na wateja wengine hawajui jina lake ila wanasema yule dada mwenye mwanya. Picha zake zote zilizorudi, zote, meno yamefungana. Wakubwa walikuwa wameshazipitisha wanasema katoka vizuri, mpaka yeye mwenyewe alipoonyeshwa, akavuta picha kwa vidole viwili akaikuza mdomoni, akanyamaza kidogo alafu akasema "huu mwanya wangu nimeurithi kwa bibi mzaa mama, mmeupeleka wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kwa mashine mwanya ni kasoro ya kuziba, kwetu kuna watu wanautamani, na aliyepaswa kuamua kama picha imefaa alikuwa ni huyo dada, siyo sisi tuliokuwa tunaangalia kama koti limekaa sawa.

La pili lilikuwa zito zaidi na bado likinijia nasikia vibaya. Mama mmoja wa uhasibu anavaa hijabu, kila picha aliyotuma amevaa hijabu, yani hakuna hata moja ambayo mashine ingeweza kusema nimeona nywele. Kwenye zilizorudi, baadhi zimemchorea nywele zimechomoza kwenye paji la uso, na moja shingo iko wazi mpaka kwenye kola ya blauzi. Nywele si zake, shingo si yake, ila sura ni yake na jina lake kamili limeandikwa chini. Na akaunti ya msimamizi ilivyopangwa, picha zinaonekana kwanza kwa wasimamizi, tena wanaume wawili wakiwemo, kabla mwenyewe hajaletewa taarifa kwamba ziko tayari. Nilizifuta saa hiyohiyo nikaenda kumwambia mwenyewe uso kwa uso, alinisikiliza kwa upole sana, akasema "mwanangu, hiyo ndo sababu nilikuwa naogopa". Sasa jiulizeni ofisi ngapi zimepandisha picha za akina mama wa hivi na hakuna aliyekwenda kuwaambia.

Na rangi. Kijana wetu wa Kigoma ni mweusi, ule weusi wa kung'aa, amerudishwa maji ya kunde. Siyo mwanga, mwanga ukizidi ukuta nao ungeng'aa, hapa ukuta uko sawa, shati liko sawa, ni ngozi tu imepanda. Hili linaniuma kwa sababu tunakaa majumbani tunawakataza wadogo zetu mkorogo, tunawaambia zebaki na haidrokwinoni zitakuharibu, alafu kampuni inamkoroga mtu kwenye tovuti yake bila kumuuliza na inalipia kwa dola.

Haya mambo hayajaanza na AI. Enzi za filamu Kodak walikuwa wanazipelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zenyewe zikaitwa Shirley, fundi akiona Shirley ametoka vizuri basi mashine imekaa sawa, na watu weusi wakitoka kama kivuli chenye meno hiyo ilikuwa haimhusu. Watafiti waliofuatilia wanasema sehemu ya msukumo wa kuboresha filamu ilitoka kwa watengeneza chokoleti na samani waliolalamika kwamba kahawia zao hazitofautiani kwenye matangazo. Chokoleti jamani, na mbao. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru wakapima programu za kubashiri jinsia kwa kutazama uso, wakatumia picha za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden, makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yakafika asilimia 34.7 kwenye programu moja wakati kwa wanaume weupe yaliyozidi sana yalikuwa asilimia 0.8. Alafu 2023 mwanafunzi mmoja wa chuo cha MIT cha Marekani mwenye asili ya Asia aliiomba programu ya picha imfanye aonekane wa kikazi zaidi, ikamrudishia ngozi nyeupe na macho ya bluu. Yani mashine iliambiwa "kikazi" ikaelewa "mzungu". Ukilijua hili hushangai mwanya kuzibwa, unachofanya ni kupanga kazi yako ukijua kabisa mashine inavutia upande gani.

Hatua niliyochukua mimi, na bosi alikubali baada ya kuziona zile picha, ni kuachana na aina ya pili kabisa kwa picha rasmi. Tunatumia aina ya kwanza tu. Mashine ifanye bakigraundi, ikate saizi moja, isawazishe mwanga, hapo ndo inatusaidia kweli, kwa sababu kinachofanya ukurasa wa timu upendeze ni bakigraundi moja na vichwa kulingana ukubwa, siyo suti za kuchorwa. Suti ya kuchorwa kwa afisa wa Tunduma anayeshinda juani na reflekta inamsaidia nani? Mteja akifika mpakani anamtafuta mtu wa kwenye picha hamuoni.

Ila aina ya kwanza ina sharti moja, picha ya kuanzia iwe nzuri, na hapa ndo kazi ilipo. Mtu akipiga picha mbele ya ukuta mweupe simu inaangalia mwanga wa picha nzima, inaona kumewaka sana, inapunguza mwanga, na uso mweusi ndo unaozama. Kwahiyo nawaambia watu watafute ukuta wa rangi iliyotulia, kijivu, bluu iliyopauka, hata mlango wa mbao, wasimame kwenye kibaraza au ndani karibu na dirisha wakiangalia nje, asubuhi saa mbili saa tatu au jioni kuanzia saa kumi, jua la saa sita linaweka vivuli kwenye macho mtu anaonekana hajalala. Anayepiga aguse uso kwenye kioo cha simu alafu apandishe ule mwanga kidogo kwa kidole. Apigwe na mtu mwingine, siyo selfi, kwa sababu selfi ya karibu inavuta pua. Na muhimu kuliko yote azime ile bjuti ya kamera, simu nyingi zina kitu cha kulainisha ngozi na watu hawajui kama kimewashwa, ukianza na picha iliyokwisha kulainishwa mashine inamalizia tu, ngozi inakuwa kama plastiki na lile kovu dogo la utotoni ambalo mwenzio halimsumbui kabisa limepotea.

Kutuma nako kuna vita yake. WhatsApp inaibana picha, kwahiyo watume kama dokumenti, hapo inafika vilevile ilivyopigwa. Wenye iPhone, tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu inahifadhi kwa HEIC, aina ya faili la picha tofauti na JPG iliyozoeleka, na huduma nyingine haziisomi kabisa, unapandisha zipu nzima inakuambia mafanikio alafu watu wa iPhone hawapo, waambie wabadilishe kwenye setingi za kamera kabla ya kupiga. Majina ya faili yenyewe, yawe ya kamera au ya WhatsApp, mara nyingi ni IMG na namba tu, yote yanafanana, na huwezi kukisia huyu ni nani wa Rusumo kama hujawahi kumuona, kwahiyo kila faili nalipa namba ya mfanyakazi, siyo jina. Jina lina matatizo mengi, kuna akina Juma wengi, kuna anayeandika majina mawili leo na matatu kesho, na ndugu zetu wenye majina ya Ng' ile alama ya juu inavuruga mifumo, faili linakataa au jina linatokea kwenye tovuti na vikolokolo katikati. Namba ya mfanyakazi kwenye faili, namba hiyohiyo kwenye shiti ya Excel pembeni na jina lake alivyoliandika mwenyewe, cheo, kituo. Shiti inabaki kwetu. Huduma ya nje haina sababu ya kujua jina la mtu ili kumkatia bakigraundi.

Na hapo ndo tunaingia kwenye sheria, ambayo ofisi nyingi zinadhani ni ya mabenki tu na makampuni ya simu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Ukikusanya taarifa za watu una wajibu wa kuwaambia unazikusanya kwa kazi gani, na ukizipeleka nje ya nchi kuna masharti yake, sasa zipu yenye sura za ofisi nzima ikienda kwenye seva usiyoijua iko bara gani hilo siyo jambo la afisa utawala peke yake kujiamulia na kadi ya kampuni mkononi. Kenya wana sheria yao ya 2019 na wameshaonyesha hawatanii na picha, Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na kiwanja kimoja cha starehe Nairobi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Picha tu. Za watu waliokuwepo kweli wanaonekana kweli. Sasa fikiria picha ambayo mtu hakuwahi hata kuvaa hivyo.

Ridhaa yenyewe lakini, kiukweli, ofisini ni ngumu. Ukimpelekea mtu fomu yenye neno nakubali na HR amesimama pale, nani atasema hapana? Atasaini, atarudi kwenye kiti chake na dukuduku lake. Ndo maana mi naamini ridhaa ya kazini haina maana bila njia ya pili ambayo haimpunguzii mtu chochote. Mzee wetu wa stoo alikataa AI moja kwa moja, nilimwamkia, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho akasema "mimi picha yangu nimepiga studio Kariakoo, nimelipia, nimetoka vizuri, iwekeni hiyo". Tumeweka hiyohiyo, bluu yake nyuma na tai yake, na bakigraundi ya ukurasa mzima tukaifanya bluu inayokaribiana na ile ya kwake ili asionekane amewekwa pembeni. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza, na kusema ukweli ni moja ya picha nzuri kuliko zote pale.

Utaratibu mwingine niliobadilisha ni nani anaona kwanza. Hizi akaunti zimetengenezwa kwa ajili ya anayelipa, msimamizi anaona zote, anachagua, anapakua, mfanyakazi anashtukia yuko kwenye tovuti. Mi nimegeuza. Picha ikitoka inaenda kwa mwenyewe peke yake kwa meseji binafsi, siyo kwenye grupu, na anarudisha majibu kwa muda wake, akikataa tunarudia au tunaweka ile ya awali bila kuguswa. Bosi anaziona zikiwa zimeshapitishwa na wenyewe. Inachukua muda mrefu zaidi, ndiyo, wale wa mipakani mtandao unasumbua na wengine wanasahau kujibu mpaka uwapigie, ila tangu tuanze hivyo hakuna mtu amekuja mezani kwangu na uso uliojaa machozi au hasira, na watu wenyewe wamezibeba picha zao wameweka mpaka kwenye stetasi.

Mwisho wa yote ni kufuta, na wauzaji wa hizi huduma hawapendi kulizungumzia. Ukitumia zile za kujifunza uso kuna vitu vitatu vinabaki huko, picha ulizopandisha, picha zilizotoka, na ile modeli yenyewe iliyojifunza uso wa mtu, na kufuta kimoja siyo lazima vingine vifutike. Waulize kwa barua pepe kabla hujalipa: mnahifadhi wapi, kwa muda gani, mnatumia picha zetu kufundishia mashine zenu, na nikifuta mtu mmoja na modeli yake inaondoka? Mmoja alinijibu kwa linki ya sera yenye kurasa na kurasa, nikamrudia na maswali yaleyale, hakujibu tena, tukaachana naye. Na mtu akiacha kazi picha yake itoke kwenye tovuti wiki hiyohiyo, kwenye fani yetu hii ni usalama kabisa, mteja anaweza kumkabidhi hela na nyaraka mtu ambaye siyo wetu tena.

Kuna rafiki zangu wa ofisi nyingine wameniomba ule ujumbe ninaowatumia wafanyakazi, huu hapa, uchukueni mbadilishe mnavyotaka:

"Habari za kazi wapendwa. Tunaboresha picha za tovuti na vitambulisho. Naomba kila mmoja apigiwe picha moja na mwenzie, kibarazani au karibu na dirisha, bjuti imezimwa, uvae unavyovaa kazini siku zote pamoja na hijabu, kofia, miwani au kipini chako. Unitumie mimi binafsi kama dokumenti, pamoja na namba yako ya mfanyakazi. Programu itabadilisha bakigraundi na mwanga peke yake, uso wako hautaguswa. Nitakurudishia uione wewe kwanza na haitawekwa popote mpaka uniambie sawa. Ukiona kitu chochote kimebadilika kwenye uso, ngozi, meno au nywele niambie, tunaitupa. Asiyetaka kabisa programu aandike 'ya kawaida' na aambatanishe picha yoyote anayoipenda, hiyo ndiyo itakayotumika na hakuna atakayemuuliza kwanini."